Mama Pacha na Prosesa ya Vichwa Sita

Mama Pacha hakuwahi kukiamini kitu kilichofungwa na mtu mwingine. Saa ikiletwa kibandani kwake, hata kama mwenyewe anaapa kwamba ilitoka kwa fundi juzi tu na shida ni betri, yeye huifungua yote, huitandaza juu ya kitambaa cheupe, hukagua kila gurudumu kupitia kioo chake cha jicho, ndipo husema, "Ni betri." Wateja wenye haraka walikwisha kumkimbia siku nyingi. Waliobaki ni wale wenye saa za marehemu baba zao, pamoja na wenye haraka ambao hawajamjua bado.

Kibanda chenyewe kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, kati ya duka la dawa na mlango wa mpiga picha, na upana wake ulikuwa wa mtu mmoja na nusu. Hiyo nusu ilikuwa ya mteja. Ufundi aliurithi kwa baba yake, mzee aliyelalamika miaka miwili mizima kwamba hana mtoto wa kiume wa kumwachia kazi, halafu siku moja akaviona vidole vya binti yake vikikamata skrubu ndogo kuliko chembe ya mchanga, na malalamiko yakaishia hapo. Simu zilikuja kuziua saa, hilo kila mtu analijua, lakini zilimwachia Mama Pacha majeruhi wa kutosha kupata mkate wa kila siku.

Sasa mwanamke wa namna hii, mwenye miaka hamsini na tisa, anafikaje mahali pa kuchagua prosesa ya kompyuta ya gemu? Kwa ajili ya mume, bila shaka. Mambo mengi ya ajabu wanayofanya wake za watu, ukichimba vizuri utamkuta mume amekaa chini yake.

Baba Pacha alikuwa dereva wa lori kwa miaka thelathini na moja. Alibeba mbao, vigae, mabomba, na mara moja alibeba vioo vya jengo zima bila kuvunja hata kimoja, na habari hiyo mtaani waliijua kwa moyo, kila kona na kila breki. Kisha asubuhi moja, miezi minane nyuma, aliamka akamwambia mkewe kwamba mguu wa kushoto umelala na hautaki kuamka. Kiharusi kidogo, daktari akasema, kana kwamba kikubwa kiko mlangoni kinavua viatu. Ulimi ulibaki salama. Mikono ilibaki salama. Kichwa kilibaki kama kilivyokuwa, na kuhusu hicho kichwa Mama Pacha alikuwa na maoni yake. Mguu peke yake ndio uliogoma, na kwa bahati mbaya ndio uliokuwa wa klachi. Tajiri wake alikuja mwenyewe kuchukua funguo za lori, akanywa chai, akasema pole, akaenda zake.

Tangu siku hiyo Baba Pacha alikaa kwenye kiti cha dirishani, fimbo magotini, na akaacha kuongea. Si kwamba alishindwa. Aliacha, kama mtu anavyoacha sigara. Ukimuuliza habari, atasema nzuri. Ukimuuliza kama ameshiba, atasema amekula. Mtu aliyeweza kusimulia pancha moja kwa saa mbili, akitia chumvi mpaka pancha zikawa nne, sasa alitoa neno kama anayetoa jino. Mama Pacha alitania, alinuna, alipika vizuri, alipika vibaya makusudi, na kwa yote hayo aliambulia "asante." Tuseme wazi, kwa sababu yeye mwenyewe hakumwambia mtu: aliogopa kwamba mume wake ameshaondoka na kumwachia kiti na fimbo.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Barabara ilipita mbele ya nyumba yao, nayo ilipanda kimlima kabla ya kona. Kila lori lilipopanda na dereva akachelewa kubadilisha gia, injini ikalia kwa uchungu, Baba Pacha alisonya. Msonyo mrefu, wa kutoka moyoni. Mtu anayeweza kusonya namna hiyo, Mama Pacha alijiambia, bado yumo ndani.

Ndipo karani mmoja wa benki akaleta saa ya kubadilishiwa mkanda. Wakati anasubiri, akaanza kujisifu kwamba usiku uliopita amepeleka shehena ya mbao kilomita mia sita bila kuinuka kitini. Mama Pacha akamtazama. Karani huyo hakuonekana kama mtu aliyewahi kusukuma hata toroli. Akamwonyesha kwenye simu: gemu, lori, barabara ndefu yenye mvua, vioo vya pembeni, na mikono yake mwenyewe imeshika usukani uliofungwa kwenye ukingo wa meza.

"Hii inachezwa kwenye simu?" Mama Pacha akauliza.

"Simu haiwezi, mama. Inataka kompyuta ya gemu. Na ukitaka iliyo nzuri, unanunua vipande, unaiunga mwenyewe."

Angesema inauzwa ikiwa tayari imefungwa, labda habari hii isingekuwepo. Lakini alisema unaiunga mwenyewe, na Mama Pacha akaiweka saa ya karani mezani, akaisahau kwa dakika nzima.

Karani akamweleza kwamba yote huanzia kwenye prosesa. Hicho ni kipande kidogo, ukubwa wa biskuti, na ndicho kinachofikiri kwa niaba ya vingine vyote. Ukishaichagua prosesa umeshachagua ubao wa kuipokea, umechagua feni ya kuipoza, umechagua na usingizi wako. Ukikosea hapo, picha itakwamakwama na lori litatembea kama lina kwikwi. Mama Pacha alikuwa na akiba ya kutosha kompyuta moja. Ya pili haikuwepo. Lakini si fedha iliyomnyima raha. Alimjua mume wake. Angeweza kumshawishi akae mbele ya kitu hicho mara moja, basi. Kikigoma mbele yake kama mguu wake ulivyogoma, hatakaa tena mbele ya kitu chochote.

Akawapigia simu pacha. Hilo lilikuwa kosa, ila makosa ya mama hayaandikwi.

Pacha wa kiume alikuwa mtu wa mitambo ya kompyuta katika ofisi ya bima, mji mwingine. Pacha wa kike alichora ramani za majengo, mji mwingine tena, maana hata miji walikataa kuchangia. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa miezi tisa, na tangu walipotoka hawajaacha kugombea nafasi. Na ulimwengu wa prosesa una kambi zake, kana kwamba ziliundwa kwa ajili yao. Pacha wa kiume alikuwa wa kambi ya boksi jeusi, kwa rangi ya boksi ambamo prosesa zao huuzwa. Pacha wa kike alikuwa wa kambi ya boksi jeupe, na wala hamkuhitaji kuambiwa.

"Mama, chukua ile ya vichwa ishirini," pacha wa kiume akasema.

"Vichwa ishirini vya nini, mwanangu?"

"Vya kufikiri. Ndani ya prosesa kuna vichwa, vinagawana kazi. Vikiwa vingi, vinasaidiana."

"Mimi nilikuwa na viwili tu tumboni," Mama Pacha akasema, "na sikuona vikisaidiana."

Nusu saa baadaye pacha wa kike akapiga. "Kaka amekwambia jeusi? Nilijua. Mama, usithubutu. Chukua jeupe, vichwa kumi na sita, hutajuta mpaka wajukuu." Kisha kaka akatuma ujumbe wenye michoro ya kupanda na kushuka. Dada akatuma michoro yake, ya kushuka na kupanda. Kaka akasema michoro ya dada imechorwa na walewale wanaouza. Dada akasema kaka anaelewa kompyuta kwa sababu ofisini kwake anazizima na kuziwasha. Kufikia Jumatano walikuwa wamefika kwenye baiskeli iliyovunjwa walipokuwa na miaka tisa, na prosesa haikutajwa tena. Mama Pacha akaizima simu, akajitanda khanga, akaenda dukani mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama.

Duka lilikuwa ghorofani, juu ya wauza matairi, na mwenye duka aliitwa Mhandisi. Hakusomea uhandisi. Jina alipewa na wateja kwa sababu ya kalamu tatu mfukoni mwa shati, naye hakuona sababu ya kulikataa. Alikuwa na upara safi na miwani aliyoipandisha juu ya upara huo, kisha akaitafuta mezani.

"Shikamoo, mama. Nikusaidie?"

"Marahaba. Nionyeshe prosesa."

Mhandisi akampangia tatu juu ya kaunta ya kioo. Mama Pacha akatoa kioo chake cha jicho kwenye pochi, akakibana kwenye nyusi, akainama. Mhandisi, aliyewahi kuona wateja wa kila namna, hakuwahi kuona huyu.

"Inapiga mara ngapi?" Mama Pacha akauliza bila kuinua kichwa.

"Nini, mama?"

"Hii. Saa nzuri ya mkono inapiga mara nane kwa sekunde. Hii mara ngapi?"

Uso wa Mhandisi ukafunguka. Miaka yote hiyo watu walimuuliza bei, na kama kuna punguzo. "Hiyo? Karibu mara bilioni tano."

"Kwa sekunde?"

"Kwa sekunde."

"Na haichakai?"

"Hakuna kinachotembea ndani yake."

Mama Pacha akatoa kioo jichoni. Aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa kaburi la mtu mkubwa. Kisha akaiona nyingine kabatini, ya zamani, yenye vumbi kwenye boksi, na kwenye karatasi yake palikuwa na namba kubwa zaidi ya zile tatu. "Na ile? Umeandika inapiga zaidi, mbona bei yake imelala?"

"Inapiga zaidi, mama, lakini kila pigo lake linafanya kazi kidogo."

"Aa." Hapo hakuhitaji kuelezwa. "Kama saa za kuchezea watoto. Kelele nyingi, mshale hausogei."

Mhandisi akavuta kiti kwa ajili yake. Walikuwa wameshakuwa marafiki. "Sasa niambie, kompyuta ni ya nani?"

Na hapo Mama Pacha, ambaye hajawahi kumdanganya mteja hata kwa skrubu, akadanganya. Aliona haya. Ungesema nini, kwamba una mume wa miaka sitini na tatu unayetaka kumnunulia gemu? "Ya mjukuu wangu," akasema. Mjukuu hakuwa naye hata wa dawa.

"Ana umri gani?"

"Kumi na minne."

"Anapenda gemu zipi? Risasi? Mpira?"

"Malori."

"Malori tu?" Mhandisi akashusha miwani. "Wa miaka kumi na minne?"

"Ni mtulivu."

"Basi tutaweka usukani na pedali. Ana urefu gani?"

"Mrefu. Ila pedali tatu hazitaki. Mguu wake wa kushoto haufanyi kazi."

"Oo, pole sana, mama. Alizaliwa hivyo?"

"Hapana," Mama Pacha akasema, akili yake iko kwenye pedali. "Ulimwishia alipofika miaka sitini na mbili."

Chini mtu alikuwa anagonga tairi kwa nyundo. Mhandisi alitazama kalamu zake, akazihesabu, akaziona ziko tatu bado. Mama Pacha akakunja pindo la khanga, akalikunjua, akapiga moyo konde na kumwambia yote: miaka thelathini na moja, mguu wa klachi, kiti cha dirishani, msonyo. Alisema na lile alilokuwa hajamwambia mtu. "Nafasi ni moja, Mhandisi. Ikimkwamia, nimempoteza."

Mhandisi hakusema pole mara ya pili. Aliichukua ile prosesa kubwa ya vichwa ishirini akairudisha kwenye boksi lake jeusi. Akaichukua ya vichwa kumi na sita akairudisha kwenye boksi lake jeupe. Ikabaki moja, ndogo kwa bei, iliyokuwa imekaa pembeni kama binti wa nyumbani siku ya wageni.

"Mjukuu wako ningempa kubwa, maana vijana hucheza huku wanarekodi na kupiga soga na dunia nzima," akasema. "Lakini gemu ya malori haiko hivyo. Kazi nyingi inabebwa na kichwa kimoja, kingine kinakishikia kidogo, vilivyobaki vinapiga gumzo. Vichwa ishirini ni kulipa watu wakae kivulini. Mzee anahitaji vichache vyenye mbio. Hii ina sita."

"Sita tu?"

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, mama. Pesa itakayobaki iweke kwenye kadi ya picha, maana hiyo ndiyo itakayomchorea barabara. Na usukani mzuri. Gia atabadilisha kwa vidole."

Mama Pacha alikibana tena kioo jichoni akaitazama ile ya vichwa sita, juu, chini, pembeni. Hakukuwa na kitu cha kuona, ni bati na dhahabu tu. Akakata kauli. Mhandisi akamfungia vipande vyote na juu yake akaweka kisindano kidogo cha plastiki, kama cha hospitali, chenye dawa ya kijivu. "Hii ni ya kupoza. Inakaa kati ya prosesa na chuma chenye feni. Weka ya kutosha," akasema, na Mama Pacha akajibu kwamba kupaka mafuta ndiyo kazi yake.

Habari ilipowafikia pacha, kilitokea kitu ambacho hakikuwahi kutokea tangu tumboni. Walikubaliana. Mama ametapeliwa, wakasema wote wawili, kwa simu moja, kwa sauti moja. Sita? Kwa mwaka huu? Pacha wa kiume alitaka jina la duka. Pacha wa kike alitaka namba ya huyo Mhandisi, na kujua chuo alichosoma. Mama Pacha aliwajibu kwa ukali kwamba yeye ndiye aliyewazaa, hoja ambayo haihusiani na prosesa lakini huwa haina jibu. Alipokata simu, ukali ulikwisha. Siku mbili alifanya kazi kibandani na moyo juu juu. Alifunga saa ya mwalimu mmoja mshale wa dakika chini ya mshale wa saa, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu utoto wake. Kama pacha waliokubaliana ni kitu adimu namna hiyo, labda ni kwa sababu walikuwa sahihi.

Jumapili baada ya chai alitandaza kitambaa cheupe mezani sebuleni, akapanga vipande vyote kwa safu, akaosha mikono mara mbili. Baba Pacha alikuwa kitini pake, anatazama barabara kwa bidii ya mtu ambaye hataki kuonekana anatazama kingine.

Kuiunga kulimpendeza kuliko alivyotegemea. Kwenye ubao palikuwa na tundu la mraba lenye vipini vya dhahabu zaidi ya elfu, vimesimama wima, na kimoja kikipinda basi, umekwisha. Mama Pacha aliitafuta alama ya pembetatu kwenye kona ya prosesa, akailinganisha na pembetatu ya ubao, akaiachia prosesa ikae yenyewe bila kuisukuma, kama alivyofundishwa kuweka gurudumu. Ikakaa. Akashusha kikomeo.

Kisha ikaja dawa ya kupoza. Sasa, mtu yeyote aliyelelewa kwenye saa anajua jambo moja kabla hajajua kusoma: mafuta mengi yameua saa nyingi kuliko maji. Fundi mzuri huchovya ncha ya sindano, hugusa, huondoka; tone likionekana kwa jicho tupu, limezidi. Baba yake aliwahi kumchapa kwa tone. Kwa hiyo Mama Pacha alibonyeza kile kisindano mpaka ikachungulia chembe, akaichota kwa ncha ya sindano yake ya kazini, akaigusisha katikati ya prosesa. Akaikagua kwa kioo. Akaona imezidi kidogo, akaipunguza. Kisha akafunga chuma chenye feni juu yake, akakaza skrubu nne kwa mpangilio wa msalaba, akaridhika.

Ilipowaka mara ya kwanza, feni zikizunguka taratibu, alitaka kumwita mtu aone, na mtu pekee aliyekuwepo alikuwa anatazama barabara. Mchana ulipofika, gemu ilikuwa imeingia na usukani umefungwa mezani.

"Baba Pacha, njoo ujaribu."

"Mimi si mtoto."

"Nani kasema? Nataka kujua kama kazi yangu inakwenda. Mimi sijui kuendesha."

Aliigeukia tena barabara. Basi Mama Pacha akakaa mwenyewe. Alikuwa amepanga kuendesha vibaya ili amchokoze, lakini hakuhitaji kujitahidi. Alitoka kwenye yadi akiwa ameburuta geti. Alizunguka duara la barabarani kinyume, polepole, huku akiomba radhi kwa sauti. Alipanda ukingo, akashuka, injini ikipiga yowe kwa gia ya kwanza, na nyuma yake akasikia msonyo mrefu kuliko wote wa miezi minane. Halafu fimbo ikagonga sakafu.

"Toka hapo."

Akatoka. Baba Pacha akakaa, akasogeza kiti, akasogeza tena, akaweka mikono kwenye usukani. Kisha akatazama kioo cha kushoto na cha kulia, akaliondoa lori ukingoni kama mtu anavyomtoa mtoto usingizini. Mama Pacha, aliyesimama pembeni amekumbatia kitambaa cha mezani, aliona mabega yake yakishuka. Lori likapita daraja, likapita shamba lenye alizeti, likaanza mlima. Dakika ya nne, picha ikakwama. Ikaruka, ikakwama tena. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi na feni zikanyamaza.

Mama Pacha alishika ukingo wa meza. Vichwa sita, akawaza, wanangu waliniambia. Hakuthubutu kumtazama mume wake. "Ni prosesa," akasema. "Nimechagua ndogo. Kosa langu, Baba Pacha, nenda kapumzike, nitai..."

"Subiri kwanza."

Akasubiri.

"Umeona ilivyozima? Haikuzima ghafla. Ilikuwa inavuta vizuri, ikawa nzito, halafu ikazima." Sauti yake ilikuwa na kutu, lakini ilikuwa yake. "Injini ndogo ni ndogo tangu bondeni, utaijua hapohapo. Hii bondeni ilikuwa nzima. Gari linalovuta bondeni na kuzimia mlimani, usilaumu injini. Limechemka. Washa."

Aliinuka, fimbo akaiacha kitini, akajishikilia kwa meza hadi nyuma ya boksi la kompyuta, akaweka kiganja mbele ya feni. Mama Pacha akawasha. Mumewe akakaa hivyo, kichwa kimeinama pembeni, dakika moja, mbili.

"Upepo wa baridi," akasema. "Injini inachemka mpaka inazima, rejeta ni baridi. Maana yake nini?"

"Sijui."

"Maana yake joto haliifikii rejeta. Kuna mahali limezuiwa njiani. Kati ya hiyo prosesa yako na chuma cha feni umeweka nini?"

"Dawa."

"Kiasi gani?"

Mama Pacha akamwonyesha. Akaichukua sindano ya kazini, akamwonyesha ncha yake. Baba Pacha akaitazama ile ncha. Akamtazama mkewe. Akaitazama tena, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kama vile huenda kuna kingine hajakiona.

"Mama Pacha, hii ni saa?"

"Mafuta mengi yanaua," akasema kwa unyonge.

"Yanaua saa. Lori linauawa na kidogo." Na akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa tumbo, akalazimika kukaa. "Tone la sindano. Mwanamke huyu ataniua. Lete bisibisi. Fungua. Unajua mwaka ule wa vigae, nilipochemka na tani ishirini nyuma, katikati ya mlima, hakuna maji, hakuna mtu..."

Tani zilikuwa kumi na mbili. Mama Pacha alizijua, alikuwa amezisikia mara mia. Aliinamia skrubu zake akazifungua polepole kuliko ilivyohitajika, maana machozi yalimfanya asione vizuri na hakutaka simulizi ikatike. Simulizi ilipofika kwenye ukungu wa mlimani, tani zilikuwa ishirini na tano. Alisafisha ile chembe kwa spiriti. Kubonyeza dawa ya ukubwa wa punje ya kunde kulimshinda, mkono ulikataa, ulikuwa na miaka arobaini ya kukataa. Baba Pacha akamnyang'anya kisindano akaibonyeza mwenyewe, huku anamweleza kwamba nyoka wa mwaka ule alikuwa na urefu wa kutoka hapa mpaka mlangoni. Nyoka alikuwa mpya.

Safari hii dakika nne zilipita, zikapita kumi. Baba Pacha alipanda mlima kwa gia ya tatu, akiunung'unikia usukani usio na klachi, na upepo uliotoka nyuma ya boksi ulikuwa wa moto. Simu ikaita. Mikono ya Mama Pacha ilikuwa imejaa dawa ya kijivu, akaibonyeza kwa kiwiko, sauti za pacha zikatoka kwa pamoja.

"Mama, imezima?" pacha wa kiume akauliza.

"Ilizima mara moja."

"Si tulikwambia?" pacha wa kike akasema. "Vichwa sita, Mama. Tulikwambia mapema. Sasa Baba amesemaje? Amerudi dirishani?"

"Nani huyo anayeongea na dereva?" Baba Pacha akauliza, macho hajayatoa barabarani.

Wale wawili, ambao hawajawahi kupeana zamu ya kuongea, wakapeana zamu.

"Baba?" pacha wa kike akasema kwa sauti ndogo.

"Nina mzigo, mama, na niko mlimani. Nitawapigia nikifika."

Mama Pacha alisubiri simu ikatwe. Haikukatwa. Pacha walibaki palepale, kila mmoja mji wake, wakimsikiliza baba yao akibadilisha gia.